Mkono mrefu wa sheria na nahau nyingine za kuazima

Taarifa ya habari ikitangaza kwamba mtuhumiwa "amenaswa na mkono mrefu wa sheria", msikilizaji wa Tanga huelewa kilichokusudiwa: polisi wamemkamata. Lakini katika Kiswahili mwenye mkono mrefu ni mwizi. Mzee wa Ngamiani au Makorora aliyelelewa na lugha hii anasikia kwamba sheria nayo ni mdokozi, jambo ambalo mtangazaji hakulikusudia (ingawa wapo watakaosema hakukosea sana). Aliyeandika taarifa alikuwa na habari ya Kiingereza mbele yake, saa inakimbia, akayahamisha maneno kama yalivyo.

Mikanganyiko ya aina hii imekuwa mingi, na mabishano juu yake yamekuwa makali. Wapo wanaolalamika kwamba Kiswahili cha redioni siku hizi ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Wapo vijana wanaokariri orodha za nahau za Kiingereza wakiamini kuwa ndizo zitakazowabeba kwenye usaili wa kazi. Na wapo wanaosema lugha ni mali ya wasemaji, iachwe iende inakotaka. Kinachowafanya wasielewane ni kwamba wanabishania mambo mawili kwa wakati mmoja: namna ya kuzielewa nahau za Kiingereza zikiwa kwao, na namna ya kuzipokea zinapokuja kwetu. Mtu anaweza kuwa hodari katika la kwanza akaharibu kabisa la pili.

Kiingereza kilichokuja kwa karatasi

Wajerumani walifungua shule ya serikali mjini Tanga katika miaka ya 1890, na kuanzia 1904 gazeti la Kiongozi lilikuwa likichapwa mjini humo kwa Kiswahili. Waingereza walipoutwaa mji Julai 1916, walikuta lugha ya wenyeji tayari ina karani, ina mwalimu na ina mhariri. Kiingereza kikakaa juu ya hayo yote kama lugha ya ofisi za wakubwa, ya mahakama za juu na ya madarasa ya mwisho. Ujirani hakikuwa nao. Hata kwenye mashamba ya mkonge, zao lililofika mwambao huu mwaka 1893, wenye mashamba walikuwa Wajerumani, Wagiriki, Wahindi na wengineo, vibarua walitoka mbali, na lugha iliyowakutanisha wote ilikuwa Kiswahili. Mtu aliweza kumaliza umri wake wa kazi Muheza au Korogwe bila kumsikia Mwingereza akitania, akibembeleza au akigombana kwa lugha yake.

Hapo ndipo ilipo sababu kubwa ya shida tunayoizungumza. Neno moja moja unaweza kulijua kwa kuambiwa maana yake. Nahau huijui mpaka uisikie mahali pake. Mtoto wa Pangani hakufundishwa na mtu kwamba "kula chumvi nyingi" ni kuishi miaka mingi. Alisikia likisemwa juu ya bibi wa jirani, akaiona heshima iliyokuwa usoni mwa msemaji, akajua pia kwamba haliwezi kusemwa juu ya kijana wa miaka ishirini. Lugha zilizotuachia maneno kwa kuishi nasi, kwa biashara, ndoa na dini, zilituachia pamoja na matumizi yake. Kiingereza tulikipata kwa kitabu na waraka, kwa hiyo nahau zake zilitufikia zikiwa na maana ya upande wa pili wa mstari tu: huku msemo, huku tafsiri.

Leo milango ya kuingilia ni mitatu. Wa kwanza ni shule. Kwa sehemu kubwa ya wanafunzi wa shule za serikali, Kiingereza ni somo hadi mwisho wa elimu ya msingi, kisha ghafla kinakuwa lugha ya kusomea karibu kila kitu kidato cha kwanza. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta kwamba wengi hawakuwa nacho cha kutosha kusomea, na bado wakashauri Kiingereza kibaki na kiimarishwe. Mwanafunzi anayehangaika kuelewa sentensi ya kawaida ya baiolojia hana nafasi ya kuonja utani uliomo ndani ya nahau.

Mlango wa pili ni vyumba vya habari, ambako taarifa za mashirika ya kigeni hufasiriwa kwa haraka kila saa. Wa tatu ni kazi. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, kaskazini mwa mji wa Tanga, ambako jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017. Mradi wa ukubwa huo, pamoja na bandari na hoteli za ufukweni kuanzia Pangani hadi Bagamoyo, unaleta mikataba, usaili na maelekezo ya usalama kwa Kiingereza. Si Kiingereza cha darasani. Ni Kiingereza cha watu wanaosema "touch base" wakimaanisha tuwasiliane kidogo, "on the same page" wakimaanisha tumeelewana, na "green light" wakimaanisha ruhusa.

Nahau zinavyodanganya

Si nahau zote zinazosumbua kwa namna moja, na kuziweka zote kapu moja kumeharibu mjadala.

Zinazosumbua zaidi ni zile ambazo picha yake tunayo, ila kwetu inafanya kazi nyingine. Chukua chumvi. Mwingereza akikwambia ulipokee jambo "with a pinch of salt", anakuonya usiliamini lote. Chumvi yake ni ya tahadhari. Katika Kiswahili chumvi ndiyo uongo wenyewe: anayetia chumvi anaongeza yasiyokuwepo. Ukifasiri neno kwa neno, ukamwambia mtu aipokee habari kwa chumvi kidogo, umemwalika ashiriki kuitilia chumvi. Na hapo hatujamgusa bibi yetu aliyekula chumvi nyingi.

Au moyo. "Broken heart" ya Kiingereza ni majonzi, hasa ya mapenzi, mtu ameachwa au amefiwa. Kuvunjika moyo kwa Kiswahili ni kukata tamaa. Hata mkulima wa machungwa wa Muheza huvunjika moyo bei ikianguka, na mapenzi hayamo. Ndiyo maana mwanafunzi huandika kwa Kiingereza kwamba mwalimu wa hisabati aliuvunja moyo wake, na msomaji wa ng'ambo akabaki akijiuliza kulikuwa na nini kati ya mwalimu na mwanafunzi.

Mfano wenye hatari halisi ni "cut corners". Maana yake ni kufanya kazi ovyo kwa kuruka hatua zinazotakiwa ili kuokoa muda au fedha. Kwetu kukata kona ni kugeuza gari, jambo lisilo na kosa lolote. Msimamizi anayewaambia madereva na mafundi wa mradi "don't cut corners", na mkalimani akawapa "msikate kona", amewakataza jambo ambalo watalifanya dakika tano baadaye wakitoka getini, huku lile alilokusudia kulikataza halijatajwa. Kiswahili kina neno lake hasa, "kulipua kazi". Msilipue kazi. Hakuna fundi asiyelielewa, ingawa kwenye eneo la matangi ya mafuta nalo lahitaji kusemwa kwa uangalifu.

Kundi jingine ni nahau ambazo picha yake haipo kabisa katika maisha yetu. "Tip of the iceberg" inategemea msikilizaji ajue kwamba mlima wa barafu huelea baharini huku sehemu kubwa mno ikiwa chini ya maji. Bahari yetu haina mlima wa barafu. Barafu ya mwambao ni ya kuhifadhia samaki, au ile ya juisi inayouzwa kwa watoto kwenye kifuko, na "ncha ya barafu" ni pale mtoto anapoanzia kunyonya. "Once in a blue moon" nayo ni hivyo hivyo: mwezi wa bluu haumwambii kitu msikilizaji wa Kigombe. Yeye anajua jambo lililo adimu kama wali wa daku.

Halafu kuna nahau ambazo tumezipokea kwa furaha kwa kudhani tumezielewa. "The ball is in your court" imetoka kwenye tenisi: mpira ukiwa upande wako, zamu ya kuupiga ni yako, na uamuzi ni wako. Tumeufanya kuwa mpira wa miguu. Sasa, kwa shabiki wa Coastal Union au African Sports aliyekaa jukwaani Mkwakwani, mpira kuwa upande wenu maana yake mnashambuliwa. Msemaji wa taasisi anayesema "mpira uko upande wa wizara" anataka kusema tunawasubiri waamue. Msikilizaji anaweza kuondoka akiamini wizara imezidiwa. "Zamu ni yao" ingetosha, na ni fupi.

La mwisho katika udanganyifu huu ni heshima. Orodha za nahau husema "kick the bucket" ni kufa, na basi. Hazisemi kwamba ni maneno ya mzaha, ya kiwango cha "kudanja" kwetu. Kijana anayeandika barua ya rambirambi kwa Kiingereza akalitumia, amemtukana marehemu na wafiwa, na nia yake ilikuwa njema. Kwenye mwambao ambako kifo kina ngazi zake za kutajwa, amefariki, ametutoka, ametangulia mbele ya haki, mtu angetarajia sisi ndio tuwe wa kwanza kuuliza lugha ya wenzetu nayo ina ngazi gani. "Break a leg", ambayo waigizaji wa Kiingereza hutakiana heri kwayo, ina kisa hicho hicho kwa upande wa pili. Mwambie mwanafunzi wa sanaa pale Bagamoyo "vunja mguu" kabla hajapanda jukwaani, uone kama hatakuomba ukanushe. Watu wanaoamini kwamba maneno huumba hawatakiani heri kwa kutajiana mabaya.

Wanaotaka zikataliwe

Msimamo wa kwanza una nguvu Tanga kuliko mahali pengi, na si bila sababu. Huu ni mkoa wa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909. Ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vilivyowafundisha watu kusema jambo zito bila kulitaja jina. Mitaani watu wanaambiana kwa kanga. Jamii yenye akiba hiyo, hoja inasema, inaazima nahau za nini?

Na kweli akiba ipo. Anayetaka "spill the beans" ana kumwaga mtama penye kuku wengi, yenye picha nzuri kuliko ya maharage. Anayetaka "piece of cake" ana rahisi kama kumsukuma mlevi. Uwezo wa kuunda mapya nao haujafa: "kuchakachua" ilitoka kwenye mafuta yaliyochanganywa ikapanda hadi kwenye kura wakati wa uchaguzi wa 2010, na "kutumbua majipu" ilienea nchi nzima ndani ya wiki chache mwishoni mwa 2015 bila kufasiriwa kutoka popote. Lugha inayozaa hivyo haina njaa.

Udhaifu wa msimamo huu ni kwamba haujui mpaka wake uko wapi. "Machozi ya mamba" imetokea Ulaya, ina karne nyingi huko, lakini ukimwambia mtu wa Pangani kuwa ni ya kigeni atakucheka. Mto wake una mamba, na unafiki anaujua. "Mbuzi wa kafara" nayo tumeifananisha na "scapegoat", neno ambalo William Tyndale aliliunda mwaka 1530 alipokuwa akifasiri Biblia, lakini kafara tulikuwa nayo wenyewe na mbuzi tulikuwa naye. Nani ataitoa? Tena wanaodai usafi hupaswa kukumbuka kwamba Kiswahili sanifu wanachokilinda ni matokeo ya uteuzi. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi, na kamati ya lugha iliyoundwa 1930 ikaisimamia. Kimtang'ata, kinachosemwa kusini tu ya mji wa Tanga, kiliachwa kando pamoja na misemo yake. Waliopoteza nahau nyingi kwa uamuzi ule hawakuporwa na Kiingereza cha redioni.

Wanaotaka ziachwe

Wa pili wanasema lugha hukua kwa kuazima na hakuna lugha iliyokufa kwa kupokea wageni. Wana ushahidi. Kiingereza chenyewe kimeazima bila haya: "lose face", kuvunjiwa heshima mbele za watu, kiliifasiri kutoka Kichina katika karne ya 19, na leo Mwingereza hajui kama si yake. Kwa nini sisi tujifunge?

Hoja hii ni nzuri mpaka unapotazama nani anayeazima. Kichina kilipoingia Kiingereza kilipitia kwa watu waliosikia msemo ukitumika. Nahau zinazoingia Kiswahili leo zinapitia kwa watu wachache wenye kipaza sauti au ripoti ya mradi mkononi, na wasikilizaji hawana la kusema. Hapo hatuwezi kusema kwamba wasemaji wamechagua.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi: mara nyingi mgeni haongezi kitu, anamfukuza mwenyeji. "Mwisho wa siku" ndiyo mfano mkuu. Imetoka kwenye "at the end of the day", yaani ukishayapima yote. Ilipoingia hatukuwa na pengo. Tulikuwa na hatimaye, mwishowe, na tulikuwa na "yote tisa, kumi", ambayo inafanya kazi ile ile hasa, ya kuyaweka mengine kando na kulitaja lililo kuu, tena kwa mnato ambao Kiingereza hakina. Leo utasikiliza kipindi cha saa nzima usiisikie hata mara moja.

Na haikuishia kufukuza, imeleta utata. Kwenye mwalo wa samaki wa Deep Sea, hesabu za chombo hufanyika jioni kweli. Mtu akisema "mwisho wa siku tunagawana sawa", anamaanisha jioni ya leo, au anamaanisha mambo yakishatulia? Mwenye chombo na baharia wanaweza kuelewa tofauti, na tofauti hiyo ni fedha. La kuchekesha ni kwamba Waingereza wenyewe wameichoka. Mwaka 2004 taasisi ya Uingereza ya kutetea lugha nyepesi, Plain English Campaign, ilipowauliza wafuasi wake ni msemo gani unaowaudhi zaidi, "at the end of the day" ndiyo iliyoongoza.

Wanaotaka zikaririwe

Msimamo wa tatu ni wa kivitendo. Hauhusiki na usafi wa Kiswahili. Unasema kijana wa Tanga anaingia kwenye soko la kazi la Kiingereza, basi apewe nahau nyingi iwezekanavyo. Ukweli wake hauwezi kupuuzwa: asiyejua kwamba "red tape" ni urasimu, ule wa nenda rudi na njoo kesho, atasoma taarifa ya biashara akidhani inazungumzia utepe. (Utepe wenyewe ulikuwepo zamani, mwekundu, wa kufungia nyaraka za serikali.) Asiyejua "under the table" hatambui anapoombwa rushwa kwa lugha ya kistaarabu.

Lakini orodha zinazokaririwa zimejaa mizimu. "Raining cats and dogs", yaani mvua kubwa, imo katika karibu kila orodha inayopitishwa kwenye simu, wakati Waingereza wenyewe huitumia kwa nadra, na mara nyingi kwa kutania uzee wake. Nyingine hazieleweki bila hadithi yake. Kudai "pound of flesh" ni kudai haki yako hata kama itamuua mdaiwa, na imetoka kwenye tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri mwaka 1969. Kukariri kwamba ni ratili ya nyama kunamwacha kijana buchani.

Tunapaswa kulijua hili kwa kujitazama. Wageni wanaoshuka Pangani na Ushongo huja wamekariri "hakuna matata", na wenyeji huwajibu kwa tabasamu, kisha wakigeukiana wanaambiana "hamna shida" au "hakuna tabu". Mgeni yule hajakosea sarufi. Amejifunza msemo kutoka orodhani. Kijana wetu anayeingia kwenye usaili na "raining cats and dogs" anasikika hivyo hivyo.

Kupima

Nikiiweka mizani, naona kila msimamo una haki katika uwanja wake na hukosea ukivuka. Wa tatu una haki katika Kiingereza, ila ukubali kwamba kuelewa na kutumia ni mambo mawili. Kuelewa nahau nyingi ni lazima. Kuzitumia ni hiari, na kwa mtu ambaye hakukulia katika lugha ile, Kiingereza kilichonyooka kina faida kuliko chenye madoido. Hakuna mwajiri aliyemkataa mtu kwa kusema "it was easy" badala ya "piece of cake". Lawama nyingine iende kwa upande wa pili: msimamizi wa kigeni anayetoa maelekezo ya usalama kwa nahau, mbele ya watu ambao Kiingereza ni lugha yao ya tatu baada ya Kidigo au Kibondei na Kiswahili, ndiye aliyelipua kazi.

Katika Kiswahili, asili ya nahau si kipimo kizuri. Vipimo vinavyofaa ni vya mambo mengine. Je, picha yake ipo kwetu? Je, mahali pake pana mwenyewe tayari? Je, inagongana na nahau nyingine ya Kiswahili? Kwa vipimo hivyo "machozi ya mamba" na "mbuzi wa kafara" zinabaki bila ubishi. "Ncha ya barafu" inaanguka kwenye la kwanza. "Hayo ni machache katika mengi" inatosha. "Mwisho wa siku" inaanguka kwenye la pili, ingawa kwa jinsi ilivyoenea sidhani kama itaondoka, na pengine la kufanya ni kuhakikisha "yote tisa, kumi" haizikwi. "Mkono mrefu wa sheria" inaanguka kwenye la tatu, na hiyo haina utetezi.

"Kuzunguka mbuyu" inaonyesha kwamba vipimo hivi havikati kila kitu. Vitabu vya shule vinaitaja kwa maana ya kutoa rushwa: mnakwenda nyuma ya mti mnene, mnamalizana. Leo wengi huitumia kwa maana ya kukwepa hoja, yaani "beat about the bush", na yawezekana kufanana kwa picha ndiko kulikoihamisha. Sasa kiongozi akiwaambia watumishi "acheni kuzunguka mbuyu", nusu ya ukumbi inasikia waseme wazi na nusu inasikia wasihonge. Maana zote mbili zina wasemaji, na kuilazimisha moja ife hakuwezekani. Mwandishi makini ataiepuka pale ambapo muktadha hauamui.

Gharama ya njia hii ni muda. Mhariri mwenye dakika tatu hawezi kutafuta wali wa daku. Mwezi wa bluu uko tayari mezani. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa 1967, husanifu istilahi, kwa hiyo neno la kitaalamu lina mahali pa kupimwa kabla halijaenea. Nahau hazina mahali hapo, na sidhani kama zinapaswa kuwa napo, kwa kuwa msemo ulioidhinishwa na kamati huzaliwa umekufa. Kazi hiyo ni ya mfasiri mwenyewe, na mwambao huu una mfano wake. Shaaban Robert alipofasiri tungo za Omar Khayyam mwaka 1952, akipitia Kiingereza cha Edward FitzGerald, alichukua fikra na kuivisha ushairi wa Kiswahili. Nyerere naye hakumwita mfanyabiashara wa Shakespeare mfanyabiashara. Aliita kitabu Mabepari wa Venisi, kwa kuwa alijua neno lipi lingewachoma wasomaji wa wakati wake. Wote wawili waliuliza msemo unafanya nini kwa anayeusikia, ndipo wakatafuta wa kwao unaofanya hivyo.

Wahariri wa redio za Tanga wanaweza kuanza na jambo dogo linalogharimu karatasi moja: ukutani mwa chumba cha habari kiwekwe kiorodha cha nahau ishirini za Kiingereza zinazorudi kila wiki, kila moja na Kiswahili chake kilichokwisha kubaliwa na wenyewe ofisini. Walimu wa Kiingereza nao waache kuuliza katika mtihani "kick the bucket" maana yake nini. Waulize ni nani anaweza kuambiwa hivyo, na nani hawezi. Na mtangazaji atakayesoma habari ya kukamatwa kwa mtu leo jioni, aseme tu kwamba polisi wamemkamata.